Uzi: Kumbi zetu za Dodoma tuzipime mara moja, modeli zake tugawane

TaaZaMakole (mleta uzi)
Jumapili, saa 2:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Ni kwa wote wanaofunga taa kwenye harusi, sendofu, mahafali, makongamano na mikesha ya makanisa hapa Dodoma na mikoa jirani. Wapambaji, mafundi umeme na watu wa muziki nao wanahusika.

Nianze na kilichonifanya niandike. Mwaka jana nilipata kazi ya harusi katika ukumbi mmoja wa hapa mjini, jina naliacha. Jamaa aliyewahi kufanya kazi pale akanipa modeli ya ukumbi kwenye kompyuta. Faili zuri: kuta, jukwaa, viti, mapazia, hadi maua mezani. Nikapanga kazi yote nikiwa nyumbani. Kwa meza kuu niliweka taa mbili za mbele zenye lenzi ya nyuzi 26 (upana wa mwale wake), mita 9 kutoka mezani. Kwa umbali huo kila taa inatoa duara la kama mita 4.2, kwa hiyo mbili zikipishana kidogo zinafunika meza ya mita 7 mwanzo hadi mwisho. Kwenye kioo kila kitu kilikaa.

Tulipofika, pale nilipotaka kusimamisha stendi pana nguzo mbili ambazo modeli haikuwa nazo. Nyuma ya nguzo ni njia ya wahudumu wa chakula, haizibiki. Ikabidi nisogee mbele hadi mita 6. Lenzi ileile kwa mita 6 inatoa duara la mita 2.8 tu, hivyo taa mbili hata zikigusana kwa ncha hazifikishi mita 6. Na mwanga hupungua au kuongezeka kwa mraba wa umbali: 9 gawanya kwa 6 ni 1.5, mraba wake 2.25. Katikati ya meza mwanga ukawa zaidi ya mara mbili ya nilivyopanga, shela la bibi harusi likawa jeupe tupu kwenye kamera, na waliokaa miisho ya meza wakabaki kwenye kivuli. Mama mzazi wa bwana harusi alikaa mwisho wa kushoto. Nimeziona picha za siku ile. Hakuna hata moja ambayo uso wake unaonekana vizuri, na siku ile hairudiwi.

Baadaye nikamuuliza aliyenipa modeli alipimaje. Urefu na upana alipima kwa hatua za miguu. Kimo cha dari alikadiria. Nguzo hakuziona kwa sababu siku yake zilikuwa zimezungushiwa vitambaa. Hakunidanganya, mimi sikuuliza na faili halikusema. Mstari uliopimwa na mstari uliokisiwa ulikuwa na rangi moja na unene mmoja.

Sasa hesabuni wenyewe. Ukumbi mmoja wa hapa unafungwa taa na timu ngapi kwa mwaka? Kila timu inapima upya au inakisia upya. Dodoma imekuwa jiji tangu 26 Aprili 2018, Serikali imehamia, mikutano haiishi. Tangu treni ya SGR ilipoanza kufika hapa mwaka 2024, msanifu wa taa kutoka Dar anashuka asubuhi, vifaa vilishatangulia kwa lori, na jioni anatakiwa awashe. Huyo hana siku ya kwenda kukagua ukumbi. Wala sisi wenyeji siku hizi hatuna.

Ninachopendekeza ni folda moja ya pamoja ya modeli za kumbi na bustani za sherehe za hapa. Anayepima aweke, anayehitaji achukue. Sharti langu ni moja na silegezi: kila kitu ndani ya modeli kioneshe kimejulikanaje. Kilichopimwa kwa leza kiwe kijani, kwa futikamba kiwe njano, kilichokisiwa kwa macho kiwe chekundu. Modeli yenye nyekundu nyingi naipokea kwa mikono miwili, kwa sababu inaniambia nibebe futikamba. Iliyoniharibia kazi ni ile nzuri isiyosema kitu.

Karibuni.

SautiNzito
Jumapili, saa 3:05 usiku

Mkuu, naunga mkono, hata sisi wa spika tunaihitaji. Swali: unatumia programu gani? Laptopu yangu ina RAM ya GB 4, nikifungua modeli ya ukumbi inaganda.

LaitiBoksi
Jumapili, saa 3:31 usiku

Nitakuwa tofauti kidogo. Mimi nimepima kumbi tano hapa mjini kwa muda wangu, kwa mafuta yangu, kwa leza niliyonunua kwa hela yangu. Ndiyo maana kamati inaniita: nikifika nafunga kwa saa tatu wakati wengine wanahangaika hadi wageni wanaingia. Unataka niweke hizo modeli bure ili kesho jamaa mwenye bei ya chini achukue kazi yangu kwa vipimo vyangu? Nieleze vizuri kwa nini nifanye hivyo.

TaaZaMakole
Jumapili, saa 4:10 usiku

SautiNzito, mimi natumia Blender kwa kujenga, ni ya bure kabisa. Wengine wanajenga kwa SketchUp, nayo si mbaya. Kwa kuona taa zikiwaka kuna MagicQ ya kompyuta, na kuna nyongeza ya bure ndani ya Blender inayoitwa BlenderDMX. Kuhusu kuganda, tatizo mara nyingi si ukumbi, ni viti. Mtu anachukua kiti kimoja chenye nakshi kutoka maktaba ya 3D Warehouse, chenye maelfu ya pembetatu (vipande vidogo vinavyounda umbo), anakizidisha mara 400. Msanifu wa taa hahitaji mikunjo ya kiti. Boksi la sentimita 45 kwa 45 linatosha, na meza ya duara iwe silinda. Ukumbi mzima unaweza kukaa chini ya MB 5.

LaitiBoksi, swali lako ni la haki, na sitalijibu kwa kukuambia habari za upendo. Ukumbi si kazi yako. Kazi yako ni kujua taa gani ikae wapi, rangi gani iingie bibi harusi anapoingia, lini uzime. Hayo hayamo kwenye modeli tupu na hakuna anayekuomba uyaweke. Kuta ni za mwenye ukumbi, naye kesho akijenga ukuta mpya modeli yako imekufa bila wewe kujua. Ukiwa peke yako unajua mabadiliko siku unapogonga kichwa. Tukiwa kumi, wa kwanza kuingia anawaambia wengine tisa. Una kumbi tano. Weka moja, ile usiyoipenda, uchukue nyingine nne ambazo hujawahi kuingia. Usipoona faida, toa.

Na jina lako litabaki ndani ya faili kama mpimaji. Tukitumia leseni ya Creative Commons ya kutaja jina, anayeichukua analazimika kukutaja.

Mpambaji wa Ilazo
Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Kaka TaaZaMakole, pole kwa yaliyokukuta. Hizo nguzo huenda ni mimi au mwenzangu ndiye tuliyezifunika, kwa hiyo nina la kusema.

Nyie watu wa taa mnachora ukumbi mtupu. Ukumbi mtupu hakuna mteja anayeuona. Sisi tunatoa vitambaa katikati ya dari kwenda kuta zote, na kitambaa kinashuka kwa tumbo. Dari ya mita 5, tumbo la kitambaa linaweza kufika mita 4 au chini yake. Taa yako ukiifunga karibu na dari inawaka ndani ya kitambaa, meza hazipati kitu. Mara ngapi mmefika saa nane mchana mkakuta tumeshamaliza, tukaanza kubishana mbele ya kamati, mnataka nishushe kitambaa nilichopanda ngazi kwa saa nne? Wale wazazi wanatuangalia tu.

La pili ni moto. Bado kuna watu wana zile taa za PAR za zamani za wati 1000. Taa ile ikiwa karibu na satini, sisi wengine hatulali usingizi. Kama kwenye modeli ingeonekana kitambaa kinapita wapi, mngejua mapema pa kutoweka taa ya joto.

Kwa hiyo ombi langu: mnipe sehemu yangu kwenye hiyo modeli. Kompyuta siijui, lakini vipimo vya vitambaa vyangu navijua kichwani.

TaaZaMakole
Jumatatu, saa 1:50 asubuhi

Dada, hili sikuliwaza kabisa na nakushukuru. Tufanye hivi: kila modeli iwe na tabaka lake la vitambaa, linalowashwa na kuzimwa. Wewe nipe namba tatu kwa kila upande: kinapofungwa katikati ni kimo gani, kinapofungwa ukutani ni kimo gani, na tumbo linashuka hadi wapi. Mimi nitachora. Na rangi ya kitambaa uniambie, maana cheupe kinasambaza mwanga ukumbi mzima na cha rangi ya zabibu kinaumeza.

Hiyo ni sababu nyingine ya kuandika rangi za kuta na sakafu kwenye modeli. Kumbi zetu nyingi zina vigae vyeupe vinavyong'aa. Taa inayopiga sakafu inarudi kidevuni mwa mtu kutoka chini, na inachora alama kwenye dari ambazo hukuzipanga. Kwenye modeli yenye sakafu ya kijivu hutaona hilo hadi siku yenyewe.

kenchi_na_bati
Jumatatu, saa 3:22 asubuhi

Mimi ni fundi wa mapaa, nimepita tu nikaona mnaongelea kufunga vitu juu. Naomba jambo moja liandikwe kwa herufi kubwa. KENCHI LIMEPIGWA HESABU YA BATI, UPEPO NA DARI. Halikupigwa hesabu ya trasi ya alumini (fremu ya kufungia taa) na taa zake. Kuona kenchi la chuma kwenye modeli hakumaanishi linabeba. Nimeshaona watu wanafunga mnyororo katikati ya mkono wa chini wa kenchi, mahali pasipo na maungio, chuma kinapinda kama upinde.

Kwenye modeli yenu oneshini kenchi lilipo, nafasi kati ya moja na jingine, na kimo chake. Uzito linaloweza kubeba msiandike kamwe, hata kama mwenye ukumbi amewatajia. Aandike mhandisi aliyesajiliwa, na saini yake iwepo. Kama hakuna karatasi hiyo, taa zisimame chini kwa stendi na trasi ya miguu.

TaaZaMakole
Jumatatu, saa 3:40 asubuhi

Nimelichukua kama lilivyo. Mahali pa uzito patabaki wazi kwenye kila modeli hadi karatasi ya mhandisi iletwe. Na wazi maana yake hakufungwi kitu.

MwanaRamani
Jumatatu, saa 11:05 jioni

Wakuu shikamooni. Nasoma upimaji ardhi, na hii mada imenigusa kwa sababu mnachofanya ni upimaji, ila hamjauita hivyo. Naomba nichangie kidogo.

Kwanza, msiamini kwamba ukumbi ni mstatili. Pimeni kona kwa kona, pande zote mbili. Mistari hiyo miwili ikilingana na kuta mbilimbili zikalingana, kona zimesimama, yaani ni nyuzi 90. Isipolingana, ukumbi umelala upande. Nilipima ukumbi mmoja wa mita 18 kwa 30 kwa ajili ya mazoezi. Mistari ya kona ilipishana sentimita 18. Kwa macho huoni, lakini trasi uliyoiweka sambamba na ukuta wa kushoto haitakuwa sambamba na jukwaa.

Pili, leza ya mkononi ina usahihi wa milimita mbili hivi, lakini mchana kwenye mwanga mkali nukta nyekundu haionekani. Pimeni jioni, au mtu ashike karatasi nyeupe kule mwisho. Kimo pimeni na pimamaji chini ya leza. Ikiinama kidogo tu, kimo kinazidi cha kweli.

Tatu, hizi simu za kuskani. Kuna iPhone za Pro tangu mwaka 2020 zenye kihisi cha LiDAR, kinachopima umbali kwa leza. Kinafika kama mita 5. Dari ya ukumbi mkubwa hakiigusi vizuri, na ukitembea ukumbi mrefu kosa linajilimbikiza, ukirudi ulipoanzia ukuta umekuwa kuta mbili. Njia nyingine ni kupiga picha nyingi zinazopishana, kila picha ishike zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia, halafu programu kama Meshroom, ambayo ni ya bure, inatafuta nukta zinazofanana na kujenga umbo. Tatizo ni lile la vigae: kinachong'aa kinaonesha kitu tofauti kila unaposogea, na ukuta mweupe mtupu hauna nukta ya kushika. Dawa ni kubandika karatasi zenye michoro tofautitofauti ukutani kabla ya kupiga, kisha kubandua. Na umbo hilo halina ukubwa wake lenyewe, lazima ulipe angalau umbali mmoja uliopima kwa mkono. Mimi ninatoa mbili, moja ya kupimia na ya pili ya kuhakiki.

Nne, kuhusu rangi zako za kijani, njano na nyekundu. Wazo zuri, ila faili likihamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine rangi zinaweza kupotea. Andika kwenye jina la kitu. Nguzo iitwe nguzo_03_leza, mlango uitwe mlango_jikoni_macho. Jina husafiri.

TaaZaMakole
Jumatatu, saa 1:30 usiku

Marahaba mdogo wangu. Hilo la majina limeshinda rangi zangu, nalikubali lote. Rangi zibaki za kusaidia macho, jina ndilo ushahidi.

Naongeza upande wa mafaili, maana hapa ndipo kazi nyingi hupotea. Ukumbi unaofunguka kwa mtu mmoja umesimama, kwa mwingine unalala chali au unakuwa mdogo kama kiberiti. Sababu ni mbili tu. Ya kwanza ni kipimo: faili la glTF (aina ya faili la umbo la 3D) linahesabu kwa mita, MVR (aina nyingine, naieleza chini) inahesabu kwa milimita, na programu isipoulizwa inakisia, tofauti ni mara elfu moja. Ya pili ni upande wa juu: glTF inasema juu ni mhimili wa Y, MVR inasema juu ni Z. Ndiyo ule ukumbi unaolala.

Kwa hiyo kila modeli iwe na boksi la mita moja kwa moja kwa moja, limewekwa sakafuni katikati ya ukingo wa mbele wa jukwaa. Hapo ndipo sifuri yetu, nukta ya kuanzia vipimo vyote. Ukifungua faili, tafuta boksi. Kama lina mita moja na limekaa sakafuni, endelea. Kama sivyo, simama urekebishe kabla hujaweka taa hata moja.

MVR kwa wasioijua ni kifurushi cha zip. Ndani mna maelezo ya kila kitu kilipo, modeli za vitu vyenyewe, na faili za taa za aina ya GDTF, zinazoeleza kila taa ilivyo na inavyoongozwa. Mpango huu wa GDTF ulianzishwa na kampuni za MA Lighting, Robe na Vectorworks, na mwaka 2020 ukawa waraka wa viwango wa Ujerumani, DIN SPEC 15800. Faida yake kwetu ni kwamba hatulazimishani programu. Mmoja yuko kwenye Vectorworks, mwingine Capture, mwingine meza ya kuongozea taa ya grandMA3, faili linafunguka kote.

Ugumu wetu ni taa zenyewe. Nyingi tunazonunua Kariakoo hazina jina la kiwanda linaloeleweka, na hakuna aliyezitengenezea GDTF. Ukichagua taa inayofanana nayo, kwenye kioo itang'aa kuliko ukumbini, na chaneli za kuiongoza hazitalingana. Kwenye tovuti ya GDTF Share kuna kijenzi cha bure. Mtu anaweza kuandika chaneli za taa yake na nyuzi za lenzi. Mwanga wake pimeni wenyewe: simamisha mita ya mwanga mita 5 kutoka kwenye taa, chukua lux ulizopata zidisha kwa 25, hiyo ndiyo kandela. Nilipima zangu nne. Mbili hazikufika nusu ya kilichoandikwa kwenye boksi.

Mzee wa Fezi Tatu
Jumatatu, saa 2:12 usiku

Vijana, mmeongea vizuri ila sijaona umeme. Modeli bila mein swichi ni picha ya ukutani.

Wekeni soketi zilipo, mein swichi ilipo, ni fezi moja au tatu, breka ya amperi ngapi, na jenereta linaingilia wapi. Halafu umbali wa waya upimwe jinsi waya utakavyopita, kuzunguka milango, si mstari ulionyooka juu ya vichwa vya watu. Waya wa milimita 2.5 za mraba, mita 50, ukivuta amperi 16, unapoteza kama volti 11. Ukianza na 230 unafika na 219. Jioni ambayo umeme wenyewe umefika chini, mashine ya moshi inachelewa kupata moto na taa za bei nafuu zinaanza kupepesa kwenye kamera. Mnalaumu meza ya taa, kumbe ni waya.

TaaZaMakole
Jumatatu, saa 2:20 usiku

Shikamoo mzee. Tabaka la umeme limeingia, na njia ya waya itachorwa kama mstari wenye urefu wake umeandikwa.

BustaniKisasa
Jumanne, saa 4:00 asubuhi

Na sisi tunaofanya sendofu bustanini? Hakuna kuta wala dari. Modeli ya nini?

TaaZaMakole
Jumanne, saa 6:45 mchana

Mkuu, bustani inaihitaji hata zaidi, kwa sababu ya jua. Hapa Dodoma jua linazama takriban kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni mwaka mzima, na sherehe nyingi za bustanini zinaanza saa kumi. Kwa hiyo kwa saa mbili na zaidi taa yako kubwa ni jua, nalo halizami mahali pamoja. Mwezi Juni linazama upande wa kaskazini ya magharibi, Desemba upande wa kusini, tofauti inafika nyuzi 47. Jukwaa lililokaa vizuri Juni, Desemba linawapiga wageni machoni. Ukiipa modeli latitudo, sisi tuko kama nyuzi 6.2 kusini, pamoja na longitudo, tarehe na saa, SketchUp au Blender zinakuonesha kivuli cha kila mti. Kaskazini ya modeli iwe kaskazini ya kweli, basi.

Kwa hiyo miti ipime: kipenyo cha kivuli na kimo cha tawi la chini. Na upepo uuzingatie. Miezi ya kiangazi upepo wa hapa na vumbi lake mnaujua. Moshi wa mashine hautakaa hata dakika, hivyo usiuze kwa mteja miale ya hewani uliyomwonesha kwenye kompyuta. Mimi bustanini nauzima moshi kwenye modeli kabisa, ili picha ninayompa mteja iwe ile atakayoiona.

Msimamizi wa Ukumbi
Jumanne, saa 8:30 mchana

Nasimamia ukumbi, sitasema upi. Nimesoma uzi wote. Nia yenu naiona ni njema, ila hakuna aliyetaja kuomba ruhusa. Mtu anaingia kwangu siku ya sherehe, anaskani kwa simu kila chumba, kesho ramani ya ofisi yangu, stoo na kamera za ulinzi iko kwenye intaneti. Hilo sitalikubali. Na hapa ni makao makuu ya nchi. Kuna majengo ambayo mtu akionekana anayapima bila kibali atajieleza pagumu, na atakuwa ameyataka mwenyewe.

Mkija kwa utaratibu, mimi mwenyewe nitawafungulia Jumatatu asubuhi ukumbi ukiwa mtupu. Nami nanufaika. Kila wiki napigiwa simu na watu watatu wanaouliza jukwaa lina mita ngapi.

TaaZaMakole
Jumanne, saa 9:15 alasiri

Mkuu, umenisahihisha na umestahili. Utaratibu uwe huu. Hakuna modeli inayoingia kwenye folda bila ruhusa ya maandishi ya mwenye ukumbi. Inayogawiwa ni eneo la wageni, jukwaa, njia na milango ya dharura. Ofisi, stoo na kamera hazichorwi kabisa. Majengo ya Serikali hatuyagusi. Mwenye kazi humo atapewa vipimo na wenyewe. Picha za kujengea modeli zipigwe ukumbi ukiwa hauna watu, maana sura ya mtu ni taarifa binafsi na sheria yake tunayo tangu mwaka 2022. Anayetaka kurusha droni juu ya bustani aanzie kwenye vibali, ikiwamo cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Na mwenye ukumbi akisema modeli iondolewe, inaondolewa siku hiyohiyo.

Jumatatu hiyo uliyosema, kama bado ipo, nakuja na MwanaRamani akikubali. Nimekuandikia ujumbe pembeni.

MwanaRamani
Jumanne, saa 9:22 alasiri

Nakubali. Nitabeba leza ya chuo kama wataniazima, wasiponiazima nina futikamba ya mita 50.

TaaZaMakole
Jumatatu iliyofuata, saa 12:10 jioni

Tumerudi. Tumetumia saa nne na nusu, watu watatu. Ukumbi una nguzo nane, jukwaa limepanda sentimita 62 upande wa kushoto na 59 upande wa kulia, jambo ambalo msimamizi mwenyewe hakulijua na ameshangaa. Dari ya jipsamu imeshushwa hivi karibuni, kwa hiyo yeyote mwenye mchoro wa zamani wa ukumbi huu autupe. Vimo vya vitambaa amevitaja Mpambaji wa Ilazo kwa simu tukiwa juu ya ngazi, navyo viko kwenye tabaka lake.

Faili liko kwenye folda, la glTF na la MVR. Pembeni kuna waraka mfupi unaoitwa SOMA_KWANZA: tarehe, nani kapima, kwa kifaa gani, sifuri iko wapi, na orodha ya vilivyobaki kuwa macho. Mahali pa uzito wa kenchi pako wazi.

LaitiBoksi
Jumatatu, saa 2:48 usiku

Nimelifungua. Boksi limekaa sawa. Nguzo ya tatu upande wa jikoni mmeandika iko mita 4.20 kutoka ukutani, jina lake linasema futikamba. Kwenye daftari langu la mwaka jana nina 4.12, kwa leza.

MwanaRamani
Jumanne, saa 5:30 asubuhi

Nimepita pale leo, msimamizi kaniruhusu dakika kumi. Nimepima mara tatu: 4.12. Jana futikamba ilikuwa imepita juu ya mguu wa meza. Nimerekebisha, jina sasa ni nguzo_03_leza, na kwenye waraka nimekuandika kama mhakiki. Mlango wa jikoni bado ni macho, ulikuwa umefungwa kwa ndani siku zote mbili. Mwenye kazi pale wikiendi hii ausaidie.

LaitiBoksi
Jumanne, saa 5:52 asubuhi

Jumamosi niko pale na mahafali. Naupima mlango, na jioni naleta ukumbi wangu mmoja.